Kujipanga kabla ya mpira kuanza: uanze na sheria za NFL, za vyuo au za shule?

Anayeanza kujifunza futiboli ya Kimarekani, awe mzazi ambaye mwanawe amejiunga na timu ya shule huko Houston au Columbus, awe kijana anayetaka kupuliza filimbi, au awe mtazamaji aliyekulia kwenye soka, hugundua mapema kwamba mchezo huu hauna kitabu kimoja cha sheria. Viko vitatu vikubwa: cha NFL, yaani ligi ya kulipwa, cha NCAA, kinachotumika vyuoni, na cha NFHS, shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya shule za sekondari. Makala haya yanavilinganisha kwa jambo moja tu, nalo ni makosa ya kujipanga, yaani makosa yanayohusu mahali mchezaji aliposimama na namna alivyosogea kabla mpira haujaanza kuchezwa. Nimeyachagua kwa sababu adhabu yake kwa kawaida ni yadi 5 tu, na kwa hiyo wengi huyadharau, ilhali yamewahi kufuta mabao na kuamua nani aende fainali.

Yapo mambo ambayo vitabu vyote vitatu vinakubaliana, na hapo hakuna cha kuchagua. Mpira unapowekwa chini, urefu wake kutoka ncha hadi ncha, takriban sentimita 28, huchora ukanda mwembamba wa kufikirika unaokatiza uwanja kutoka pembeni hadi pembeni. Senta peke yake, yule anayeurudisha mpira nyuma kwa kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), ndiye anayeruhusiwa kuwa na sehemu ya mwili ndani ya ukanda huo. Kitendo chake cha kuurudisha mpira huitwa snapu, na ndicho kinachoanzisha mchezo. Mwenye mazoea ya soka asitafute beki wa mwisho hapa: kuotea katika futiboli ya Kimarekani ni kuwa ndani ya ukanda huo, au upande wa pili wake, wakati ambapo hutakiwi kuwapo. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wachezaji wake wakihama wawili au zaidi ni lazima wote watulie kwa sekunde moja kabla ya snapu. Na wakati wa snapu yenyewe mmoja tu anaweza kuwa anatembea, tena sambamba na mstari, yaani ule wa kufikirika unaopita mpira ulipo, au akirudi nyuma.

Tofauti kubwa kuliko zote iko katika swali hili: kosa likishatokea, mchezo unasimama au unaendelea? Sheria za shule ndizo kali na ndizo rahisi. Senta akishaweka mkono juu ya mpira uliokwisha kuruhusiwa kuchezwa, mchezaji mwingine yeyote, wa upande wowote, akiingiza hata kidole cha mguu ndani ya ukanda, amevamia. Filimbi inalia papo hapo, mpira haurudishwi, yadi 5 zinahesabiwa. Hakuna kuangalia kama alimgusa mtu, kama alirudi upesi, au kama alimshtua yeyote. NFL, kwa upande wake, imeligawa kosa hilo hilo la mlinzi, yaani mchezaji wa timu isiyo na mpira, katika makosa matatu. Akivuka na kumgusa mpinzani kabla ya snapu, mchezo unasimama. Akivuka bila kugusa lakini mshambuliaji aliye karibu naye akashtuka na kusogea, mchezo pia unasimama. Lakini akivuka na kurudi salama kabla ya snapu bila kumshtua mtu, hana hatia. Na akikutwa ndani ya ukanda wakati snapu inafanyika, kitambaa cha njano kinatupwa na mwamuzi kuashiria kosa huku mchezo ukiendelea hadi mwisho wake, isipokuwa kama amechomoka moja kwa moja kumwelekea kotabeki bila kizuizi. Sheria za vyuo zinamshughulikia mlinzi kwa mantiki iyo hiyo ya NFL, ila haziyatofautishi sana makosa hayo kwa majina.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana vizuri katika mechi ya tarehe 10 Desemba 2023, Kansas City ilipokuwa nyumbani ikicheza na Buffalo. Buffalo iliongoza 20 kwa 17, na ilikuwa imesalia dakika moja na sekunde chache. Patrick Mahomes, kotabeki wa Kansas City, alimpa pasi mwenzake Travis Kelce, naye Kelce, badala ya kuangushwa na mpira mkononi, akaurusha kwa upande hadi kwa Kadarius Toney, ambaye alikimbia nao mpaka eneo la bao. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Lakini kitambaa kilikuwa kimeshatupwa tangu mwanzo wa mchezo: Toney alikuwa amesimama ndani ya ukanda, mguu wake ukiwa mbele ya mpira. Bao likafutwa, Kansas City ikarudi nyuma yadi 5, na mechi ikaisha kwa matokeo yale yale ya 20 kwa 17. Chini ya sheria za shule tukio hilo lisingekuwapo kabisa. Mwamuzi wa mstari angepuliza filimbi kabla Mahomes hajaupata mpira, timu ingerudi nyuma yadi 5 na kujipanga upya, na hakuna ambaye angeiona pasi ile nzuri ili aililie.

Timu hiyo hiyo ilikuwa imeshaonja machungu kama hayo, safari ile kwa kosa la mlinzi. Tarehe 20 Januari 2019, katika fainali ya kanda ya AFC, Kansas City ilikuwa mbele 28 kwa 24, na New England walikuwa katika jaribio la tatu wakihitaji yadi 10. Pasi ya Tom Brady, kotabeki wa New England, ilinaswa na Charvarius Ward wa Kansas City, na kwa kawaida kunasa huko kungeifunga mechi. Hata hivyo mwenzake Ward, Dee Ford, alikuwa amepanga kichwa chake ndani ya ukanda tangu kabla ya snapu. Mpira ukarudishwa kwa New England, wakafunga, mechi ikaingia muda wa nyongeza, wakashinda 37 kwa 31, na baadaye wakatwaa Super Bowl, fainali kuu ya NFL. Angalia hali ilivyokuwa: jaribio la tatu na yadi 10 ni wakati ambapo kila mtu anajua pasi inakuja, kwa hiyo sentimita chache ambazo mlinzi anajiongezea hazimpi faida inayolingana na anachokihatarisha. Kujua uko katika jaribio la ngapi, unahitaji yadi ngapi na saa inasoma nini, ndiko kunakomwambia mchezaji asimame umbali gani na mpira.

Hapa ndipo mlinzi wa shule na mlinzi wa NFL wanapohitaji tahadhari za aina tofauti. Kotabeki wa kila ngazi hujaribu kuwatega walinzi kwa kubadilisha ghafla mdundo na ukali wa sauti yake. Shuleni mtego huo unalipa yadi 5 tu, na unatumika zaidi katika jaribio la nne na yadi 1 au 2, ambapo yadi hizo tano zinatosha kuanza majaribio mapya. Katika NFL na vyuoni mtego unalipa zaidi, kwa sababu mlinzi akinaswa wakati wa snapu mchezo unaendelea, na timu yenye mpira inaweza kurusha pasi ndefu bila hofu: ikifanikiwa inakataa adhabu na kuchukua yadi zote, ikinaswa inakubali adhabu na kurudia jaribio. Kotabeki Aaron Rodgers alijijengea jina kwa ustadi huo alipokuwa Green Bay. Kocha anayemfundisha kijana wa sekondari kwa kutumia video za Rodgers anamfundisha kitu ambacho kitabu chake hakikiruhusu, na kijana huyo atabaki ameduwaa filimbi itakapolia kabla hajaugusa mpira.

Tukija kwenye hesabu ya wachezaji, tofauti ni ndogo kwa kuisoma lakini kubwa kwa mwamuzi. NFL inataka wachezaji wasiopungua 7 wawe kwenye mstari wakati wa snapu. Vyuo na shule zimegeuza hesabu: zinataka wasizidi 4 nyuma ya mstari, na shule ziliandika hivyo katika kitabu chao kuanzia msimu wa 2019, huku zikidai angalau watano wawe mstarini. Timu ikiwa na wachezaji 11 uwanjani, hesabu zote mbili zinatoa jibu lile lile. Mambo hubadilika mchezaji mmoja anapochelewa kuingia. Timu ya watu 10 yenye sita mstarini na wanne nyuma ina kosa katika NFL, ila chuoni na shuleni haina kosa lolote, maana imeshajiadhibu yenyewe kwa kucheza pungufu. Naiona hesabu ya nyuma kuwa bora: kuhesabu watu wanne waliotawanyika nyuma ni rahisi kuliko kuhesabu saba waliobanana mbele, na haimwadhibu mtu mara mbili.

Nani basi anahesabiwa kuwa mstarini? Kipimo ni kiuno cha senta. Katika NFL na vyuoni, kofia ya mchezaji ni lazima ipite usawa wa kiuno hicho. Shuleni kichwa au mguu unatosha. Wanaosumbuliwa zaidi na kipimo hiki ni wale wakingaji wakubwa wa pembeni wa timu yenye mpira, wanaomkinga kotabeki, ambao hupenda kurudi nyuma kidogo ili wapate nafasi ya kumpokea mkimbiaji wa upande wa pili. Mechi ya kufungua msimu wa NFL tarehe 5 Septemba 2024 ilikuwa somo la wazi, kwa kuwa Ronnie Stanley wa Baltimore aliadhibiwa mara tatu kwa kosa hilo siku moja. Mtazamaji wa televisheni hawezi kuliona kosa hili kwa urahisi, kwa sababu kamera kuu hutazama kutoka juu na kwa mshazari, wakati mwamuzi wa mstari anatazama kutoka pembeni, macho yake yakiwa sawa kabisa na mpira.

Suala la namba za jezi ndilo linaloifanya NFL iwe mahali pabaya pa kuanzia. Kwa kawaida wenye namba 50 hadi 79 hawaruhusiwi kupokea pasi. NFL inamruhusu mmoja wao kujitambulisha kwa refa, refa akatangaza namba yake, na kwa jaribio hilo akawa mpokeaji halali. Vyuoni na shuleni njia hiyo haipo. Mwenye namba 68 akitaka kupokea pasi, akabadilishe jezi. Tarehe 30 Desemba 2023 huko Arlington, Texas, Detroit ilipunguza pengo dhidi ya Dallas hadi 20 kwa 19 na kuamua kutafuta pointi mbili za ushindi. Wachezaji zaidi ya mmoja wa mstari walimsogelea refa Brad Allen. Allen akatangaza kwamba aliyejitambulisha ni namba 70, Dan Skipper. Pasi ikaenda kwa namba 68, Taylor Decker, akaidaka ndani ya eneo la bao, na kitambaa kikatupwa kwa sababu kwa mujibu wa tangazo hakuwa mpokeaji halali. Majaribio yaliyofuata hayakufua dafu. Detroit walishikilia kwamba Decker ndiye aliyejitambulisha. Kwa vyovyote vile, mvutano huo usingeweza kuzuka katika mechi ya chuo, kwa kuwa hakuna cha kutangaza.

Upo pia upande wa kinyume, yaani mwenye namba halali kujitangaza kuwa si halali. New England ilifanya hivyo tarehe 10 Januari 2015 dhidi ya Baltimore, ikamweka Shane Vereen, namba 34, mbali na senta kama mtu asiyeruhusiwa kupokea, huku mpokeaji halali akiwa amejificha mahali anapotarajiwa mkingaji wa mstari. Kocha John Harbaugh wa Baltimore aliingia uwanjani kulalamika, akaadhibiwa yeye, na New England ikashinda 35 kwa 31. Mwaka huo huo NFL ilibadilisha sheria na kumtaka anayejitangaza hivyo asimame karibu na senta, ndani ya eneo la wakingaji wa mstari. Shule na vyuo vina kinga nyingine dhidi ya kujificha: shuleni kila mchezaji wa timu yenye mpira ni lazima awe amefika, japo kwa kitambo, ndani ya yadi 15 kutoka kwenye mpira kabla ya snapu, na vyuoni awe ameingia ndani ya alama za yadi 9 kutoka pembeni mwa uwanja.

Idadi ya macho uwanjani nayo inatofautiana. NFL ina waamuzi 7 uwanjani, ngazi ya juu ya vyuo ina 8, na mechi ya kawaida ya timu kuu ya shule ina 5, wakati mwingine pungufu kwa timu za wadogo. Katika ngazi zote, kazi ya kujipanga huangukia hasa waamuzi wawili waliosimama kwenye ncha mbili za mstari. Mpokeaji wa pembeni humtazama aliye upande wake, na mwamuzi akiona kwamba mpokeaji huyo amesimama nyuma ya mstari, hunyoosha mkono kuelekea nyuma ili mwenzake wa upande wa pili asaidike kuhesabu. Ishara hiyo ndogo inapatikana bure, na mchezaji makini huitafuta kila mara kabla ya snapu. Shuleni mwamuzi mzuri huenda mbali zaidi: humwambia kijana arudi hatua moja, na humwarifu kocha kwamba mkingaji wake wa kushoto anazidi kurudi nyuma. Huo ni utaratibu wa kazi, na hakuna kitabu kati ya vitatu kinachoutaja kama haki ya mchezaji. Baada ya mechi ya Toney ulizuka ubishi mkubwa kuhusu kukosekana kwa onyo, na refa wa siku hiyo, Carl Cheffers, alieleza kwamba mchezaji akiomba ushauri atapewa, ila onyo si sharti na wajibu wa kusimama mahali sahihi ni wake mwenyewe. Naona alikuwa sahihi. Mpokeaji anayelipwa kwa kazi hiyo ana mwamuzi mita chache kutoka alipo, na kugeuza shingo kunachukua chini ya sekunde moja.

Mpira wa kuanzisha mechi, yaani ule unaopigwa kwa mguu, nitaupitia haraka. Tangu 2024 NFL imebadilisha kabisa upangaji wake: mpigaji anabaki yadi ya 35 upande wake, wenzake 10 wanasimama kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, na hawaruhusiwi kusogea hadi mpira umguse mtu au udondoke chini. Vyuo na shule zimebaki na mtindo wa zamani, wapigaji wakipiga kutoka yadi ya 35 vyuoni na 40 shuleni, wakiwa na wachezaji wasiopungua wanne kila upande wa mpigaji. Aliyejifunza upande mmoja atalazimika kujifunza upya akihamia wa pili.

Basi uanze na kipi? Anayetaka kuwa mwamuzi nchini Marekani hana uhuru mkubwa wa kuchagua, kwa sababu milango ya kuingilia ni mechi za shule, na karibu majimbo yote yanatumia kitabu cha NFHS. Nampongeza mwanagenzi huyo kwa bahati yake! Sheria ya kuvamia isiyo na vighairi humfundisha kuwa na uhakika wa jicho lake kabla ya kuanza kupima kama mlinzi alimshtua mtu au hakumshtua. Texas ndiyo inayojitenga: shule zake za umma hucheza kwa sheria za NCAA zikiwa na marekebisho machache. Mzazi Mkongomani aliyehamia Houston na nduguye aliyehamia Columbus, Ohio, wanaweza kuwa na watoto wa umri mmoja wanaocheza nafasi moja, na bado ushauri wa mmoja kuhusu kurudi nyuma ya mstari baada ya kuvuka ukamponza wa mwingine. Kabla ya kununua kitabu chochote, muulize kocha wa shule.

Anayeishi Ulaya, au anayefikiria kuanzisha timu mahali ambapo mchezo huu bado ni mgeni, namshauri bila kusita aanze na NCAA. Shirikisho la kimataifa, IFAF, limejenga kitabu chake juu ya sheria za NCAA, na Uingereza nayo imefuata msingi huo. Kitabu hicho pia kiko katikati: hesabu yake ya wachezaji inafanana na ya shule, ushughulikiaji wake wa mlinzi anayeotea unafanana na wa NFL, kwa hiyo anayekijua ana machache ya kusahau akihamia upande wowote. Aliyeko Kanada ajihadhari, kwa maana ligi ya huko, CFL, ni mchezo mwingine: wachezaji 12, majaribio matatu, walinzi wanasimama yadi nzima kutoka kwenye mpira, na washambuliaji kadhaa wanaruhusiwa kukimbia kuelekea mstari kabla ya snapu. Karibu kila kitu kilichoelezwa hapa juu kuhusu kusogea kitampotosha.

Mtazamaji wa televisheni asiye na mpango wa kucheza wala kuchezesha ndiye pekee ninayemwelekeza kwenye NFL, tena kwa kiasi. Hahitaji kitabu kizima. Ajifunze ishara mbili za refa: mikono kiunoni ikimaanisha kuotea au kuvamia, na mikono inayozungushwa moja juu ya nyingine mbele ya kifua ikimaanisha kuanza kabla ya wakati au mpangilio usio halali. Kisha, kila kitambaa kinapotupwa, asikilize kama filimbi imelia au mchezo unaendelea. Ikiwa mchezo unaendelea na kitambaa kimetokana na mlinzi, amtazame kotabeki, kwani huenda pasi ndefu inakuja; ikiwa kimetokana na mpokeaji, asubiri kwanza kabla ya kushangilia.